Kivuli cha Serikali

Zamani za karibuni, yaani mwaka juzi, katika nchi yetu ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kibali changu cha kuitaja bado kinashughulikiwa, kiatu cha Mtukufu Rais kilikanyaga tope. Ndivyo maendeleo yalivyoanza.

Alikuwa ameshuka garini kuzindua choo cha soko. Kiatu kilikuwa cheupe. Mtukufu alikitazama, akaitazama ardhi, akauliza kwa upole, "Hivi hiki kitu bado tunacho?" Mawaziri wakaangaliana. Jioni ile ile redio ilitangaza kampeni ya taifa iitwayo Udongo ni Uchafu, na ndani ya miezi minane mji mkuu wote ulikuwa umesakafiwa. Tulisakafia viwanja vya mpira, nyua za nyumba, nafasi kati ya kaburi na kaburi, kingo za mto, na mwishowe mto wenyewe, maana wataalamu waligundua kuwa chini ya maji kulikuwa na udongo umejificha. Miti nayo ilikatwa. Msidhani ilikatwa kwa chuki. Ilikutwa imesimama kwenye udongo, na ilipoulizwa haikuwa na maelezo.

Upande wa ziwa yalijengwa maghorofa ya vioo, bega kwa bega. Upepo uliokuwa ukitufikia kila alasiri ukafika pale ukakosa pa kupita, ukarudi ziwani. Jua nalo lilipiga vile vioo likaturudia sisi, hivyo mtaani kwetu tukawa na majua mawili, moja la Mungu na moja la wapangaji. Kisha, ili wapangaji wasisumbuke kuziona nyumba zetu za bati, mtaa ulizungushiwa Ukuta wa Heshima, mita tisa kwenda juu, zege tupu. Uliachwa mlango mmoja. Mlango huo hufunguliwa alfajiri kwa wanaokwenda kazini na magharibi kwa wanaorudi, na mchana kutwa umefungwa ili watu wasiharibu mandhari. Siku ukuta ulipokamilika mtaa wetu ulibadilishwa jina, ukaitwa Upepo Mwanana. Tulipiga makofi, na viganja vilikuwa vimelowa jasho hata makofi hayakusikika vizuri.

Kulikuwa na injinia mmoja, binti msomi, aliyeandika kwamba zege na bati hunywa joto mchana kutwa na kulitapika jioni, kwamba maghorofa yakikaa bega kwa bega hewa haitembei, na kwamba mti mmoja mkubwa hufanya kazi ya viyoyozi kadhaa. Serikali ilimshukuru sana. Aliteuliwa kuwa balozi katika nchi moja yenye barafu, mahali ambapo maoni yake hayangemdhuru mtu.

*

Mimi naitwa Hamduni, wakati huo karani daraja la tatu katika Wizara ya Hali ya Hewa Nzuri. Kazi yangu ilikuwa moja: kukisoma kipimajoto cha taifa kila siku saa nane mchana na kuandika namba kitabuni. Kipimajoto ni kimoja nchi nzima, kwa sababu Mtukufu alishasema viwili huleta mabishano.

Zamani kilining'inia bustanini Ikulu, chini ya miti. Bustani iliposakafiwa, Waziri wetu, Mheshimiwa Mapesi, akakihamishia ofisini kwake, juu ya kiyoyozi. Kikasoma nyuzi kumi na tisa. Redio ikatangaza kuwa taifa limeingia katika majira ya baridi, na wananchi wakaagizwa wavae masweta kwa usalama wao. Jamani, tulivaa. Nilimwona mchoma mihogo wa sokoni kavaa sweta la kola ndefu mbele ya moto, anatabasamu huku macho yamegeuka. Waliozimia waliandikwa hospitalini kuwa wamepatwa na baridi.

Mambo yaliharibika pale nchi yetu ilipoomba kuandaa mkutano mkubwa wa hali ya hewa wa dunia. Waandaaji walijibu kwa barua ya adabu: kipimajoto chochote duniani husomwa nje, kwenye kivuli cha asili, si ofisini, tupatieni picha ya kivuli chenu. Wizara nzima ikatoka kutafuta kivuli. Tulizunguka siku nne kwenye mji wa zege na vioo, tukarudi na picha ya kivuli cha Waziri mwenyewe, lakini kikaonekana hakitoshi na kinahamahama.

*

Sasa nije kwa Bi Mashavu, maana ndiye mwenye hadithi.

Bi Mashavu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mumewe, Mzee Kitwana, alikuwa mpakuzi wa mizigo boharini hadi kiharusi kilipomwangusha. Upande wake wa kulia ulikufa na maneno yote yakapotea. Daktari wa zahanati alimwambia mke wazi wazi: huyu hana tena nguvu ya kuhimili joto, likimpata sawasawa hatafika jioni. Uani kwao palikuwa na mti wa mkungu, mpana kama paa la msikiti, na chini yake kipande cha udongo kisichozidi mkeka. Kila asubuhi Bi Mashavu alikiburuta kitanda cha kamba hadi chini ya mkungu ule, na mzee alilala pale mpaka jua litue. Ndani ya chumba chao cha bati, bila mtu wa kumpepea, asingemaliza hata saa tatu. Jambo hilo mtaa mzima ulilijua, ndiyo maana hakuna aliyekwenda kuuchongea mti ule. Tulipoulizwa na kikosi cha saruji tulisema ni mwavuli.

Lakini mkungu hupukutisha majani, na jani moja jekundu lilipeperuka likaangukia mabegani mwa kiongozi wa kikosi. Kesho yake hati ikabandikwa mlangoni: mti ukatwe Ijumaa, udongo usakafiwe Jumamosi.

Bi Mashavu alikwenda kuomba kibali cha kumhamishia mumewe kwa ndugu zake, kijijini, kwenye miti. Fomu ilikuwa na sehemu ya sababu za kuhama, naye akaandika joto. Karani wa dirishani akaifuta kwa ustaarabu, akamweleza kuwa kwa mujibu wa takwimu nchi iko katika baridi. Akaandika ugonjwa. Akaambiwa mgonjwa haruhusiwi kusafiri. Alirudi kwangu na ile fomu imelowa jasho, akakaa kizingitini, akasema, "Hamduni mwanangu, wewe uko huko ndani kwao. Fanya lolote."

Sikulala kwa uchungu. Na kwa bahati mbaya, wasomaji wangu, nikapata wazo.

*

Alhamisi nilimwendea Mheshimiwa Mapesi na kumnong'oneza kuwa kivuli cha asili kipo. Nilieleza: mkungu mmoja, hai, Upepo Mwanana, nyumba inayopakana na yangu upande wa kisimani. Mheshimiwa alinikumbatia. Saa hiyo hiyo msafara wa magari kumi na mawili ukaja mtaani. Mlango wa mtaa ulifunguliwa mchana kwa mara ya kwanza, tukasikia upepo kidogo, kisha mlango ukafungwa.

Waziri alisimama chini ya mkungu, akavua miwani, akavuta pumzi. Nilimwona mabega yakilegea. Nikajisemea, huyu ni binadamu, atatuelewa. Kisha akaletewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu kivuli hiki kimekuwa kikitumika kiholela. Watu wamekuwa wakikaa tu. Wanakaa, wanapoa, wanaondoka, bila mpango wala takwimu. Kuanzia leo, kivuli hiki ni cha serikali."

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu, maana hati ya kukata iling'olewa mbele ya macho yangu. Bi Mashavu alilia kwa furaha, akanishika mkono, akaniita mkombozi. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kazini.

Jumatatu mafundi wakaja kuujengea mkungu ukuta.

Ulikuwa ukuta wa zege ndani ya ukuta wa zege, mita nne, wenye kamlango ka chuma na askari. Nilipouliza sababu, nilionyeshwa andiko la wataalamu: pumzi ya binadamu ina joto, mwananchi akikaa jirani na kipimajoto anaweza kuipandisha namba, kukaa kivulini ni hujuma. Aliyeruhusiwa kuingia ni msomaji peke yake. Kitanda cha Mzee Kitwana kilitolewa na askari wanne, kwa heshima zote, kikaingizwa chumbani kwenye bati.

*

Basi nikawa naingia asubuhi, nafungiwa, natoka jioni. Ndani mle palikuwa na ubaridi mwanana wa kweli. Ndege wote wa mji walikuwa wamehamia humo. Kipimajoto kiliniambia ishirini na nane, nami niliandika ishirini na nane, Waziri akafurahi kupita kiasi, akatangaza kuwa hiyo ndiyo namba ya taifa na masweta yavuliwe. Nilistahili kufurahi na mimi. Lakini upande wa pili wa zege, hatua sita kutoka nilipokaa, nilimsikia Bi Mashavu akimpepea mumewe kwa kipande cha boksi. Alianza kumpepea saa tatu asubuhi na hakuacha. Kila siku, saa nane, aliniuliza kupitia ukutani, "Hamduni, leo ngapi?" Namjibu ishirini na nane. Kisha kile kipande cha boksi kinaanza tena.

Siku ya tisa sikuisikia sauti ya kupepea. Nilisikia mwanamke analia bila kutoa sauti kubwa, kama anayeogopa kulipandisha joto. Roho iliniuma. Nikakifunga kipimajoto kwa uzi, nikakirusha juu ya ukuta, nikamwambia akining'inize kitandani kwa mzee kisha anirudishie. Alipokirudisha kilikuwa kinasoma arobaini na saba. Nikaandika kitabuni arobaini na saba, kwa wino, nikatia sahihi.

Tume iliundwa ndani ya saa moja. Mheshimiwa Mapesi hakunifokea hata kidogo. Alikuwa na huzuni ya baba. Alinieleza kuwa hapa pana mambo mawili tu. Ama namba ni ya kweli, na kwa hiyo mkungu umeshindwa kazi ya kuwa kivuli, na kitu kilichoshindwa kazi kinakatwa leo leo. Ama namba ni ya uongo, na kwa hiyo mkungu ni mzima na mwongo ni mimi.

"Chagua, Hamduni," alisema. "Sisi hatumlazimishi mtu."

Kikosi cha misumeno kilikuwa kimeshasimama mlangoni. Nilisema mwongo ni mimi. Muhtasari wa tume uliandika kuwa nimekiri kwa hiari.

*

Nilifukuzwa kazi, na kanuni mpya zikatungwa ili makosa yangu yasirudiwe. Kwanza, msomaji haruhusiwi kutoka kabisa, kwa sababu akitoka atarudi na joto la nje mwilini. Pili, awe mtu asiyeweza kurusha kitu. Tatu, awe mtu mwenye msimamo, asiyebadilisha maneno. Nafasi ikatangazwa kwenye mbao zote, na kwa wiki nzima hakutokea mtu wa kuiomba. Nani aingie asitoke?

Nilikuwa nimesimama mbele ya tangazo, nalisoma mara ya tatu. Nikamkimbilia Bi Mashavu.

Alinisikiliza huku anapepea. Mzee alikuwa amelala pale kitandani, midomo imekauka, macho mazima yanatufuata. Mama akauliza, "Akiingia, nitamwona?" Nikamjibu hapana. Akauliza ni kwa muda gani. Nikamjibu tangazo linasema ni ajira ya kudumu. Aliendelea kupepea kwa muda, kisha akasema kama anayeongea na boksi, "Afadhali awe mbali na mzima."

Kazi ikawa kumfundisha kusema. Toka augue alikuwa anatoa milio tu. Bi Mashavu alishika kikombe cha maji upande mmoja na mimi nilikaa upande wa pili, tukawa tunamtamkia: ishirini na nane. Akijaribu anapata funda la maji. Siku ya kwanza alitoa povu. Siku ya pili alitoa "nane", tukashangilia mpaka majirani wakadhani mvua inakuja. Siku ya tatu, alasiri, bati linalia juu yetu kwa kutanuka, Mzee Kitwana alimtazama mkewe akasema polepole, neno zima, "Ishirini na nane." Mama alimfuta mdomo, akaweka paji la uso wake kwenye kifua cha mumewe, akalia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya mwaka na nusu, na yalikuwa ya serikali.

Usaili ulifanyika hapo hapo kitandani. Tume iliuliza jina la mwombaji. Akajibu ishirini na nane. Wakauliza elimu yake. Ishirini na nane. Wakauliza, kwa mtego, kama ana malalamiko yoyote kuhusu hali ya mtaa. Ishirini na nane, akasema, na jasho likamtiririka hadi sikioni. Wajumbe wakaangaliana kwa mshangao. Mmoja aliandika pembeni kuwa hajawahi kukutana na mwananchi aliyekomaa kiasi kile. Kidole chake cha kushoto kikachovywa wino, akawa Msomaji Mkuu wa Kipimajoto cha Taifa, daraja la kwanza. Askari wale wale wanne wakakibeba kitanda kukirudisha chini ya mkungu, na kamlango kakafungwa.

*

Nisiwafiche, tulifurahi. Chakula alipewa cha serikali, maji ya serikali, na kivuli ndicho hicho. Bi Mashavu alihamishia kigoda chake ukutani. Mimi nisiye na kazi nilikaa naye, mgongo kwenye zege lenye moto, kitambaa kichwani. Mchana mlango wa mtaa umefungwa, hakuna pa kwenda, tunasubiri. Ikifika saa nane, mtaa wote hunyamaza. Wapika maandazi huacha kukoroga, watoto huzibwa midomo. Na kutoka ndani ya ukuta, kwa sauti nzito yenye kukwama, inatoka: "Ishirini na nane."

Watu wazima wenye akili timamu tulikuwa tunaungua kwenye arobaini na kitu, tunasikia ishirini na nane, tunatabasamu. Bi Mashavu alijua sauti ile ikoje siku akiwa amelala vizuri na siku akiwa na kikohozi. Siku moja alinisimulia kuwa leo ile nane ameivuta, amekumbuka jambo. Nilimwambia ni namba tu, mama. Akacheka, akasema kwamba mimi sijaoa.

Bila shaka na Wizara ilikuwa inasikiliza. Mheshimiwa Mapesi alivutiwa na sauti ile, akasema ina utulivu ambao taifa zima linauhitaji, si haki inufaishe mtaa mmoja. Wakaja mafundi na vyombo vya kunasia sauti, wakaingia ndani ya ukuta siku moja tu, wakatoka. Wiki iliyofuata spika zilifungwa kwenye nguzo zote za mji, sokoni, kwenye maghorofa ya vioo, mpaka kwenye mlango wetu. Wageni wa mkutano wa dunia waliposhuka uwanja wa ndege, saa nane kamili, mji mzima uliwapokea kwa sauti ya Mzee Kitwana: ishirini na nane. Nasikia walipiga makofi wakiwa wanajifuta.

Siku hiyo hiyo askari wa kamlango aliondolewa, akapelekwa kulinda spika. Kamlango kakazibwa kwa zege. Niliuliza ofisini chakula kinapitia wapi. Karani wa dirishani alipekua faili, akaniambia kwa upole kuwa hakuna taarifa yoyote ya njaa iliyofika.

Nilirudi mtaani na sikumwambia mama neno hilo. Tukaanza kurusha mikate juu ya ukuta, mimi na majirani, na chupa za maji. Vingine tulivisikia vikianguka kwenye majani. Tukaita jina lake, lakini Ukuta wa Heshima hurudisha sauti, na majina yalituzunguka yote. Majani mekundu ya mkungu yaliendelea kudondoka upande wetu, mazima, kwa hiyo mti ulikuwa hai. Hilo tulikuwa na uhakika nalo.

Leo saa nane nilikuwa nimekaa naye pale pale. Spika ilikwaruza, ikasema. Ile nane imevutwa, vile vile kama siku ile. Bi Mashavu alitega sikio mpaka mwisho, akaendelea kutega hata baada ya kwisha, kisha akanigeukia.

"Hamduni, wewe ulikuwa mtu wa namba," alisema. "Hii ni ya leo, au ni ya siku ile ile?"

Niliweka sikio kwenye zege. Liliniunguza, nikaliondoa kabla sijasikia kitu.

"Ni ya leo, mama," nikamwambia, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kazini.

Akasema alhamdulillahi, akakisogeza kigoda karibu zaidi na ukuta.